Kiti Alichokalia Dalali

Dalali wa korti ndiye aliyenieleza kwamba mimi ni mtu ninayelindwa sana. Aliniambia hayo sebuleni kwangu, Ngamiani, akiwa amekaa na kikombe cha kahawa mkononi, na kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. Karibu kila kitu nilichokuwa nacho duniani, alisema, sheria imekataza kisiguswe. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani kwamba mtu anayelindwa na sheria ni tajiri.

Nayaandika haya kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Mke wangu tumemsomea hitima ya arobaini juzi, na watu wamerudi makwao, na mimi nimebaki na mambo ambayo tulikuwa tukiyakumbuka wawili. Shule yangu ni ya madarasa machache, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kazi yangu ilikuwa kupika shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote palipohitajika pilau ya watu wengi niliitwa mimi na sufuria zangu mbili za shaba. Harusi nilipika kwa ujira. Msibani nilipika bure, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wapishi wa mji ule, na sufuria zilikwenda msibani bila kukodiwa. Kwa hiyo mwaka wenye vifo vingi ulikuwa mwaka wa njaa kwangu, na sikuweza kumwambia mtu.

Deni lililomleta dalali sikulikopa mimi, wala sikulila peke yangu, ila nililipika. Jamaa mmoja alikuwa akimwoza binti yake. Alitaka mchele, samli na mbuzi kwa mkopo, na mwenye duka hakumjua vizuri. Akamwambia alete mtu wa kumdhamini. Jamaa akaniita mimi, na mimi, kwa kuwa bila mchele nisingekuwa na kazi, nikatia saini. Harusi ikafana. Watu walikula mpaka wakalegeza mikanda. Baada ya miezi michache jamaa akahama na watu wake kwenda upande wa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, na barua za mwenye duka hazikumpata.

Kortini niliulizwa kama nilimdhamini. Nikasema ndiyo. Karani aliinua kichwa akanitazama, maana wadaiwa wengi huanza kwa kukana. Kesi ikaisha kabla sijazoea kusimama pale. Nilipewa muda wa kulipa, muda ukapita, na hapo nikaambiwa kwamba dalali wa korti, yule mwenye kengele ambaye hukamata vitu vya watu na kuvinadi, atakuja nyumbani kwangu siku ya Alhamisi.

Nikamweleza mke wangu. Alichosikia yeye ni kwamba mtu wa Serikali atakuja nyumbani.

"Anakuja kukamata mali," nikamwambia.

"Akamate nini? Hatuna kitu."

"Basi ataondoka mikono mitupu. Si ndiyo heri yetu?"

"Heri? Aje mtu wa Serikali na askari wake, waingie mpaka uani, watoke hawakuona cha kuchukua, na mji mzima uko dirishani? Bora wanivue kanga barabarani."

Nilicheka, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Sikujua kwamba ndiyo yameanza.

Kwetu, nyumba ikitarajia mgeni mzito, haikutani naye ilivyo. Wakija watu wa posa, au sharifu, majirani huleta. Huyu huleta zulia, huyu sinia la shaba, huyu vikombe vya kahawa visivyo na ufa. Mgeni akishaondoka kila kitu hurudi kwa mwenyewe, na hakuna anayeuita ule kuwa uongo. Siku ya pili chombo kilekile hukiona kwenye sebule nyingine, ukakisalimia kimoyomoyo. Mke wangu alifanya kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Alipita nyumba kwa nyumba, akisema tuna mgeni.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi wa watu wenye asili ya Kiarabu, ambaye mumewe alikuwa amefariki karibuni na yeye yuko edani. Mke wangu hakwenda kuazima pale. Alikwenda kumjulia hali tu, kama alivyofanya kila siku. Bibi yule ndiye aliyemwuliza mgeni wenu atakaa wapi, na ndiye aliyemwambia achukue kiti cha marehemu. Kilikuwa kiti cha mbao nyeusi, cha mikono, kilichopambwa kwa vipande vya pembe mgongoni, na marehemu alikuwa akikikalia kila jioni kunywa kahawa.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Hakina wa kukikalia."

Alhamisi nilitoka alfajiri kwenda kupika hitima Chumbageni. Niliporudi, adhuhuri imekwisha, nikaona baiskeli ya askari imeegemezwa barazani na wanawake wamejaa dirishani. Niliingia sebuleni kwangu nikataka kutoka, nikidhani nimekosea nyumba. Chini pana zulia jekundu. Mezani pana sinia la shaba linalong'aa, halua, na dele la kahawa. Na katikati, kwenye kiti cha marehemu, dalali wa korti amekaa, miguu ameinyoosha.

"Karibu kwako, fundi," akaniambia. "Mkeo ametupokea vizuri sana. Kwingine tunamwagiwa maji ya vyombo."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Nilimsikia akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeridhika.

Dalali alimaliza kahawa yake, akafuta masharubu, akaanza kazi. Naweza kusema alikuwa mtu wa haki. Aliinuka, akapita chumba kwa chumba na karatasi yake, na kila alipofika alitueleza sheria kama mwalimu wa chuo.

"Kitanda na matandiko, haviguswi. Nguo za kuvaa za bwana na za bibi, haziguswi. Msahafu na mswala, tena usiniambie, haviguswi."

Tukatoka uani. Sufuria zangu mbili zilikuwa zimefunikwa ukutani, ile kubwa ikimfika askari kiunoni.

"Hizi je?" askari akauliza, macho yamemtoka. Shaba ilikuwa na soko.

Dalali akazigonga kwa kidole, zikalia. "Vyombo vya kupikia havikamatwi," akasema. "Na zana za mtu za kazi hazikamatwi. Huyu ni mpishi. Hizi zimelindwa mara mbili." Akatikisa kichwa. "Pilau ya harusi ile ilipikwa humu?"

"Humuhumu," nikajibu.

"Nilikuwapo. Nyama ilikuwa laini sana."

Basi alikuwa amekuja kudai na yeye mwenyewe amekula. Sikumtajia, maana halua yetu pia alikuwa ameila.

Tulirudi sebuleni. Karatasi yake bado ilikuwa nyeupe. Dirishani nikasikia sauti ya mwanamke ikimnong'oneza mwenzake, "Kumbe hawana kitu hawa," na nyuma ya pazia kile kikohozi cha kuridhika kikakatika. Dalali alikaa tena kitini, akashusha pumzi, akaangalia chini. Akaliona zulia. Akainua macho akaliona sinia. Kisha, polepole, akaweka viganja vyake kwenye mikono ya kiti, akaipapasa, akasimama ili akione vizuri alichokuwa amekalia.

"Hivi," akasema, "sioni vikitajwa popote."

Akaanza kuandika.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mwenye zulia aliingia kwa mlango na mwenye sinia karibu aingie kwa dirisha.

"Zulia langu hilo! Wallahi langu! Lina alama ya moto pembeni, mtoto aliangusha kaa!"

"Baba, sinia la mama mkwe wangu hilo! Nikirudi bila sinia sina ndoa!"

Walipiga kelele, wakaapa, wakaitana kuwa mashahidi, mpaka dalali akaziba masikio kwa vidole, kisha akavifuta vitu vile viwili kwenye karatasi. Zulia likakunjwa na sinia likabebwa, na halua ikaachwa juu ya meza ikiwa imemwagika. Kikabaki kiti. Mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, edani, hatoki mbele ya wanaume, na hata kama alisikia, hakuwa mwanamke wa kupiga kelele.

"Na hiki si changu," nikamwambia dalali. "Ni cha jirani. Mumewe amekufa."

Alinitazama kwa huruma. "Fundi, mimi kazi hii nimeifanya muda mrefu. Kila nyumba ninayoingia, kiti ni cha jirani, mbuzi ni wa shemeji, na baiskeli ni ya marehemu. Sijaona bado mdaiwa mwenye kitu chake."

"Lakini mimi nasema kweli."

"Wote wanasema kweli. Hao wawili wamekuja wenyewe. Mwenye kiti yuko wapi?"

"Yuko edani."

"Wangapi wananiambia hivyo!" Akageukia pazia. "Haya bibi, wewe mwenye nyumba. Kiti hiki ni chenu, si chenu?"

Nilingoja mke wangu aseme neno moja tu. Lakini wale wa dirishani walikuwa wamekwisha kuona zulia likiondoka na sinia likiondoka, na kiti kilikuwa ndicho kitu pekee kilichosimama kati ya mke wangu na ile kauli ya kumbe hawana kitu. Hakusema. Hamali akaitwa, akakitia kichwani, na dalali akanishika mkono kwa heshima, akaniambia mnada utakuwa baada ya wiki mbili, nikilipa kabla ya hapo kitarudi.

Sikumgombeza mke wangu. Niliona jinsi alivyokuwa akiokota halua mezani kipande kwa kipande. Kiti cha maiti kitauzwa kwa kengele kabla mjane wake hajatoka eda, na chanzo ni nyumba yetu. Jambo hilo halikuhitaji mtu wa kulitia chumvi.

Asubuhi nikaenda kortini kwa karani. Nikamweleza yote, na yeye akanieleza kwa upole kwamba mwenye kiti aje aape mwenyewe, au amtume ndugu yake mwanamume mwenye kumsemea. Nikafikiri, nikamwambia:

"Basi tubadilishane. Nina sufuria ya shaba, thamani yake yapita kile kiti. Ichukueni, mrudishe kiti."

"Hiyo imo katika zana zako za kazi?"

"Imo."

"Haiwezi kukamatwa."

"Lakini mimi mwenyewe nataka ikamatwe."

"Sheria inakukinga, mzee."

"Inanikinga na nani?"

Karani akakuna sikio kwa kalamu. "Na sisi," akasema. "Na sisi ndio tunaokukatalia. Sasa hebu nenda, watu wanangoja."

Nilirudi kwa miguu nikiyatafakari. Kilicho changu kimekingwa hata mimi nisikitoe, na kisicho changu kimekamatwa ingawa nilikitolea ushahidi wa kweli. Nilikuwa nimefundishwa tangu mdogo kwamba ukisema kweli utaaminiwa. Ilikuwa elimu nzuri, ila haikuwa imefika kortini.

Jioni ile nikaenda na mke wangu kwa bibi. Yeye alikaa ndani na mke wangu, mimi nikakaa ukumbini, pazia kati yetu. Nikatoa shikamoo, nikamweleza alichosema karani. Nikamwomba amwite kaka yake aliyekuwa Mkwaja, aje kuapa kwa niaba yake.

"Kaka yangu nikimwita atakuja," akasema. "Na jambo la kwanza atauliza, kiti kimefikaje kwenu. Akiniuliza nitamwambia, maana siwezi kumdanganya. Na yeye akitoka hapa atalisema kila baraza, kwamba mkeo aliazima kiti cha msiba kumpambia dalali. Ndivyo alivyo kaka yangu. Sitaki mwanangu huyu aaibike."

"Lakini kiti, bibi?"

"Kiti si mtu. Mtu mwenyewe amekwenda."

Nikasikia mke wangu akilia. Hakuwa mwepesi wa kulia. Katika maisha yangu yote na yeye sikumbuki nyakati nyingi, na siku alipougua hakulia kabisa. Njiani, hatua zile chache mpaka mlangoni kwetu, aliniambia bila kunitazama, "Uza sufuria kubwa."

"Kubwa ndiyo ya harusi. Ndogo haitoshi hata hitima."

"Najua. Habari za sufuria unaniambia mimi ninayezisugua? Uza."

Korti ilikataza sufuria isikamatwe, haikukataza isiuzwe. Nilimpelekea mtu wa kwanza niliyejua ana fedha na anajua thamani ya chombo, naye ni mwenye duka, yuleyule aliyenishitaki. Aliizunguka akaigonga kama alivyoigonga dalali.

"Hii nilimwambia dalali aikamate," akasema, "akanijibu haiwezekani."

"Haiwezekani kukamatwa. Kununuliwa inawezekana."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. "Yaani ningekuja kwako mimi mwenyewe, nikaacha korti, ningeipata mapema?"

"Ungeipata siku ileile."

"Na ada ya dalali nisingelipa."

"Usingelipa."

Hilo la ada lilimwuma kuliko deni lenyewe. Tulipatana bei. Deni likafutwa, kikabaki kidogo cha kununulia chakula cha siku chache, na akaniandikia hati ya kupeleka kortini kwamba hanidai. Kisha, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaniuliza kama nitaihitaji sufuria kwa harusi zijazo, maana yeye hajui kupika na angeweza kunikodisha. Nikamwambia nitaihitaji. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilipika katika sufuria yangu kwa ruhusa ya mtu mwingine. Hata ya kupikia msibani alinitoza kodi. Yeye hakuwa mpishi, desturi yetu haikumhusu.

Karani alisoma hati, akaigonga muhuri, akaniambia nikachukue kiti stoo. Nilikuwa nimekwisha kumtafuta hamali na gunia la kukifunikia. Nilifikiri tutakipitisha uchochoroni, saa watu wakiwa msikitini, kiingie kwa bibi kimyakimya na mambo yaishe. Mke wangu alikuwa amenifuata mpaka nje ya korti, na hilo lilinishangaza, maana hakuwa mtu wa kuzungukazunguka mjini. Akamlipa hamali kwa kumsumbua, akamwambia aende. Gunia akalikunja akanipa mimi.

"Nitakibeba mwenyewe," akasema.

"Kizito hiki."

"Si kizito kuliko sufuria yako."

Akajitwika, miguu ya kiti juu, mikono yake miwili imekishika, buibui limerudi nyuma mabegani. Hakupita uchochoroni. Alipita barabara kubwa ya Ngamiani, saa ya alasiri, mabaraza yamejaa. Mimi nilikuwa nyuma yake na gunia langu, na mpaka leo sijui nilikuwa nikifanya nini pale.

"Shoga, mnahama?" mwanamke mmoja akamwita kutoka barazani. Ilikuwa ileile sauti ya dirishani.

Mke wangu akasimama, na kiti kichwani. "Hatuhami. Nakirudisha kwa mwenyewe."

"Kumbe si chenu?"

"Si chetu. Nilikiazima kwa mjane ili dalali asione kwamba sina kitu. Dalali akakichukua. Sasa mume wangu ameuza sufuria, tumekikomboa. Sina kitu, shoga, na sufuria sasa sina pia. Una swali jingine?"

Baraza zima likatazama chini. Mtu akasema, "Pita, mama, usije ukachoka," na wengine wakasogeza miguu yao ijapokuwa njia ilikuwa wazi. Aliulizwa tena mbele kidogo na akajibu maneno yaleyale, na baada ya hapo hakuna aliyemwuliza. Habari ilikuwa imetutangulia.

Mimi niliishia mlangoni kwa bibi, nikaenda kwangu uani. Yaliyotokea ndani alinisimulia mke wangu. Alikiweka kiti mahali pake, karibu na dirisha, akakifuta vumbi la stoo kwa ncha ya kanga. Bibi akamwambia akae.

"Siwezi, bibi."

"Kaa. Nimechoka kukiona kitupu."

"Hiki? Mimi? Siwezi."

"Nani atakukamata?"

Hilo nililisikia mwenyewe, ukuta ule haukuwa mnene. Kisha nikasikia kicheko cha bibi, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mumewe afe, na juu yake kicheko cha mke wangu, kikubwa, kisicho na adabu yoyote kwa nyumba ya eda, mpaka mpita njia mmoja akasimama barabarani akauliza kwa sauti kama mle ndani kuna msiba au harusi. Hawakumjibu. Niliendelea kusugua sufuria ndogo, nikiwasikiliza.